Mafunzo ya modeli za tabianchi: Nani anaijua mvua ya Kibaha na Kisarawe?

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam huiona Kibaha kama mahali pa kupita akielekea Morogoro, na Kisarawe kama mahali pa kutafuta kiwanja cha bei nafuu. Ni mara chache hukumbuka kwamba maji anayoyatumia nyumbani, pamoja na mafuriko yanayomzuia kupita Jangwani, yote yana asili yake huko. Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru, huchotwa Mlandizi wilayani Kibaha kwa ajili ya mtambo wa Ruvu Juu, kisha huchotwa tena Bagamoyo kwa ajili ya Ruvu Chini. Mto Msimbazi nao huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukateremka katikati ya jiji hadi Jangwani na kumwagika baharini penye daraja la Salenda.

Kwa sababu hiyo, swali la mvua ya Kibaha na Kisarawe itakavyokuwa mwaka 2050 si la mkulima wa muhogo wa Maneromango wala la mkulima wa mpunga wa bonde la Ruvu peke yao. Ni swali la jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5.3. Hata mji wa Kisarawe wenyewe, baada ya mradi uliozinduliwa na Rais John Magufuli Juni 2020, hunywa maji ya Ruvu yanayopandishwa kutoka Kibamba.

Jibu la swali hilo hutafutwa ndani ya kompyuta, kwa chombo kinachoitwa modeli ya tabianchi ya kikanda. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, wanasayansi wa Tanzania na wa nchi jirani wamekuwa wakipelekwa nje, au wakiletewa wakufunzi, ili wajifunze kuitumia. Fedha nyingi za wafadhili zimepita katika njia hiyo, na vyeti vingi vimetolewa. Lakini mafanikio ya mafunzo hayo kwa kawaida huhesabiwa kwa idadi ya watu walioweza kuiendesha modeli. Ni mara chache mno kuulizwa ni wangapi wamefundishwa kiasi cha kuweza kuikatalia, yaani kumwambia waziri, mhandisi au mfadhili kwamba tarakimu hii, kwa Kibaha, haifai kutumika. Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo makala haya yanapojikita.

Mraba mmoja, wilaya mbili

Tuanze na chombo chenyewe. Modeli ya dunia nzima huigawa anga katika miraba, ikaipanga tabaka juu ya tabaka kama matofali, kisha ikapiga hesabu ya joto, upepo, unyevu na mgandamizo wa hewa wa kila tofali, tena na tena, hadi miaka 100 ipite ndani ya kompyuta. Kazi hiyo ni nzito mno, na ndiyo sababu miraba ilifanywa kuwa mikubwa. Katika modeli zilizotumika kwa miaka mingi, upande mmoja wa mraba ulikuwa kati ya kilomita 100 na 250.

Mraba wa kilomita 200 unaweza kuanzia Dar es Salaam na kufika Morogoro. Ndani yake zimo Kibaha, Kisarawe, Bagamoyo, sehemu ya bahari hadi kuikaribia Zanzibar, na vitako vya Uluguru, milima inayozidi mita 2,600. Yote hayo modeli huyapa joto moja na mvua moja. Msomaji aliyepata kulowa Kisarawe akafika Kariakoo na kukuta vumbi anaelewa mara moja udhaifu wa wastani wa namna hiyo.

Modeli ya kikanda ilibuniwa ili kuliondoa tatizo hilo. Mwanasayansi huchora mpaka kulizunguka eneo analolitaka, tuseme Afrika Mashariki na sehemu ya Bahari ya Hindi, kisha ndani ya mpaka huo akaweka miraba midogo ya kilomita 50 au 25. Modeli ya dunia huleta taarifa za upepo, joto na unyevu mpakani, na modeli ya kikanda huendelea na hesabu kuanzia hapo ikiiona milima, maziwa na mwambao kwa ukaribu zaidi. Ni kama askari anayepokea taarifa za wanaoingia kwenye lango, halafu yeye mwenyewe anafuatilia wanakoelekea ndani ya mji.

Kasoro yake ni kwamba kilicholetwa langoni kikiwa na makosa, makosa hayo yataingia ndani. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Modeli nyingi za dunia zimeonekana kuizidisha mvua ya vuli na kuipunguza ya masika katika Afrika Mashariki, na modeli ya kikanda inayolishwa kutoka huko haiwezi kuitakasa kasoro hiyo kwa sababu tu miraba yake ni midogo. Kwa Pwani, ambako masika ndiyo msimu mkubwa, hilo si jambo dogo.

Tena udogo wenyewe una kikomo. Kutoka mji wa Kibaha hadi mji wa Kisarawe, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 22. Miraba ya kilomita 50 inaweza kuzimeza wilaya hizi mbili kwa pamoja bila kutambua kuwa upande mmoja kuna bonde la Ruvu na upande mwingine kuna vilima vya Pugu na misitu ya Kazimzumbwi. Miraba ya kilomita 25 huanza kuzitenganisha, japo kwa kiasi. Hii ndiyo sababu ramani yenye rangi nzuri inayoonyesha Kibaha ikilowa na Kisarawe ikikauka inapaswa kutazamwa kwa mashaka, hata kama imetoka kwenye kompyuta ya gharama kubwa.

Wiki mbili za darasani

Katika miaka ya 2000, majina mawili yalitawala mafunzo haya barani Afrika. La kwanza ni PRECIS, iliyotengenezwa na Kituo cha Hadley cha Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza, yenye makao yake mjini Exeter. Ilitolewa kwa taasisi za nchi zinazoendelea, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba iliweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani yenye mfumo wa Linux. La pili ni RegCM, ambayo mizizi yake iko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo baadaye ililelewa na kituo cha ICTP mjini Trieste, Italia, chini ya mwanasayansi Filippo Giorgi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam, kwa lengo hasa la kuwasaidia wanasayansi wa nchi maskini wasilazimike kuhama kwao moja kwa moja ili wafanye kazi za maana.

Nia ilikuwa njema, na faida zilionekana. Kabla ya hapo, mtaalamu wa Dar es Salaam alikuwa akipokea ramani zilizokamilika kutoka Ulaya. Sasa aliweza kuitengeneza yake. Hata hivyo, kuendesha hesabu ya miaka 30 kwenye kompyuta moja ya mezani kulihitaji mashine iwake kwa miezi. Msomaji anakumbuka mwaka 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa ya umeme na nchi ikaingia katika mgao mkali. Mtu aliyetaka kupiga hesabu za ukame wa kesho angekatiwa umeme na ukame wa leo.

Mwandishi wa makala haya alipata kuketi nyuma ya ukumbi katika semina ya namna hiyo miaka kadhaa iliyopita. Siku za mwanzo zilikwenda kwenye amri za Linux, zilizofuata kwenye kuchagua eneo na kuijaribu modeli kwa muda mfupi, na siku ya mwisho kila mshiriki alikuwa na ramani yake yenye rangi ya bluu na nyekundu. Nilimwuliza mmoja wao kama aliiamini ile bluu iliyokuwa juu ya wilaya yake. Alicheka, akasema hilo halikuwa katika ratiba. Picha ya pamoja ilipigwa, posho zikasainiwa, na watu wakatawanyika.

Ukweli ni kwamba maamuzi magumu katika kazi hii hayako kwenye amri za kompyuta. La kwanza ni mahali pa kuchora mpaka. Mvua ya mwambao wetu huletwa na pepo zinazotoka Bahari ya Hindi, kaskazi kwa miezi yake na kusi kwa miezi yake. Mpaka wa modeli ukichorwa karibu mno na pwani, bahari yenyewe huachwa nje ya lango, na modeli hupokea unyevu ambao haikuupika yenyewe. Ukichorwa mbali hadi Madagascar na kupita, hesabu huwa nzito na kompyuta hulemewa. Nahodha wa jahazi angeliweza kuchangia jambo katika mjadala huo.

La pili ni mawingu. Wingu la radi lina upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo mraba wa kilomita 50 hauwezi kuliona. Modeli hulazimika kulikisia kwa kanuni maalumu, na kanuni hizo ziko za aina kadhaa. Katika RegCM, mtumiaji huchagua mwenyewe. Kanuni inayofanya vizuri Ulaya inaweza kuinyeshea Pwani mvua nyepesi kila siku alasiri, jambo ambalo halitokei, huku ikikosa kabisa ile mvua moja ya usiku inayobomoa madaraja. Kuchagua kanuni ifaayo kunahitaji mtu anayezijua modeli na pia anayeijua masika ya Kibaha, kisha aliye na subira ya kujaribu na kukosea kwa miaka. Semina ya wiki mbili haimzai mtu huyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa bora zaidi. Mwaka 2009, Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi ulianzisha mradi wa CORDEX, ambao uliviunganisha vituo vya nchi mbalimbali ili vyote viendeshe modeli za kikanda kwa utaratibu mmoja, na Afrika ikapewa kipaumbele. Takwimu zilizopatikana ziliwekwa wazi kwa watafiti. Kwa mara ya kwanza, mwanasayansi wa Kiafrika hakulazimika kuisubiri kompyuta yake miezi sita. Alichohitaji ni kujua namna ya kuzichambua modeli 10 za wenzake na kuzikosoa. Chuo Kikuu cha Cape Town kikawa mwenyeji wa mafunzo ya timu za kanda, ikiwamo ya Afrika Mashariki, na timu hizo hazikurudi na cheti tu. Zilitakiwa kuandika.

Matunda yalionekana. Mwaka 2013, Hussen Seid Endris na wenzake, akiwamo Dk. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, walichapisha tathmini ya modeli 10 za CORDEX juu ya mvua ya Afrika Mashariki. Walionyesha kwamba modeli nyingi hupata sura ya jumla ya misimu, lakini kila moja ina makosa yake kutegemea eneo na msimu, na kwamba wastani wa kundi zima hufanya vizuri kuliko modeli moja moja. Mwaka 2016, Philbert Luhunga na wenzake walifanya tathmini ya namna hiyo kwa Tanzania peke yake, na mwaka 2018 akiwa na wenzake wa TMA, akiwamo Dk. Agnes Kijazi aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu, wakatoa makadirio ya nchi nzima. Julai 2023, katika mkutano wa Nairobi, Dk. Chang'a alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi.

Anayedai kwamba mafunzo hayajazaa kitu, kwa hiyo, hasemi kweli. Kilichobaki ni kujiuliza kwa nini matunda hayo bado hayajafika Mlandizi wala Jangwani.

Asilimia 5 hadi 45

Mwaka 2003 Tanzania iliwasilisha Umoja wa Mataifa taarifa yake ya kwanza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2007 ikatoa mpango wa hatua za kukabiliana nayo. Nyaraka hizo, zikitegemea modeli za dunia za miaka ya 1990, zilisema maeneo yenye misimu miwili ya mvua, ambamo Pwani imo, yangepata ongezeko la mvua la asilimia 5 hadi 45. Maeneo yenye msimu mmoja yangepungukiwa kwa asilimia 5 hadi 15. Kuhusu mito, makadirio yaliyonukuliwa kwa miaka mingi yalisema mtiririko wa Rufiji ungeongezeka kwa asilimia 5 hadi 11, ilhali ule wa Ruvu ungepungua kwa asilimia 10.

Hebu msomaji azitazame tarakimu hizo kwa macho ya mtu wa Kibaha. Mvua itaongezeka, lakini mto utapungua. Na ongezeko lenyewe linaweza kuwa la asilimia 5, ambalo mkulima hatalihisi, au la asilimia 45, ambalo litazifunika barabara.

Yawezekana tarakimu hizo zisipingane. Joto likipanda, maji mengi zaidi hurudi angani kabla ya kufika mtoni. Chanzo cha Ruvu kiko Uluguru, siyo Kibaha, na mvua ikija kwa mikupuo michache mikubwa mto huweza kufurika Aprili na kukauka Oktoba. Lakini maelezo hayo ni lazima yathibitishwe na mtu aliyekaa na modeli, vipimo vya mto na vipimo vya mvua mezani kwa pamoja. Bila mtu huyo, tarakimu hunakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine, kila mara ikionekana kuwa ya uhakika zaidi kwa sababu tu imekaririwa.

Kuna fumbo jingine kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, masika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipungua. Modeli nyingi kwa upande wao zilikuwa zikisema mvua ya ukanda huu itaongezeka. Wanasayansi waliliita jambo hilo kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Baadaye zikaja masika nzito za mwaka 2018, 2020 na 2024, na mjadala ukawa mgumu zaidi. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, majirani wa Kibaha na Kisarawe katika mkoa huo huo wa Pwani, zilizama majini, na kabla maji hayajakauka kimbunga Hidaya kikapiga Mafia mwanzoni mwa Mei.

Wakati wataalamu wakijadiliana, maamuzi hayakungoja. Oktoba 2022, DAWASA ilitangaza mgao wa maji jijini baada ya kina cha Ruvu kushuka. Mitambo miwili ya mto huo, Ruvu Juu wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini wa lita milioni 270, haikuwa na maji ya kutosha ya kuvuta. Mwezi uliofuata ulisainiwa mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Kidunda, litakalohifadhi mita za ujazo milioni 190. Mwaka huo huo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza Bonde la Msimbazi, pamoja na daraja jipya la Jangwani.

Bwawa na daraja ni vitu vya kukaa miaka 50 na zaidi. Mhandisi wa bwawa huuliza ni miaka mingapi mfululizo vuli inaweza kukosekana. Mhandisi wa daraja huuliza ni mvua kiasi gani inaweza kunyesha Pugu kwa saa tatu. Hakuna kati yao anayeuliza wastani wa mwaka, ambao ndio hasa modeli ya miraba mikubwa hujitahidi kuupata. Desemba 2011, mvua iliyoelezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu Uhuru iliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam kwa siku chache. Katika wastani wa mwaka, siku hizo huonekana kama alama ndogo tu.

Ndiyo maana hesabu iliyofanywa na Waingereza chini ya mpango uliohitimishwa mwaka 2021 ilizua gumzo. Waliiendesha modeli ya bara zima la Afrika kwa miraba ya kilomita 4.5, midogo kiasi cha kuyaona mawingu ya radi yenyewe badala ya kuyakisia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mvua kubwa mno, na pia vipindi virefu vya ukavu ndani ya msimu, vyote vitaongezeka kuliko modeli za zamani zilivyodokeza. Kwa Dar es Salaam, maana yake ni kwamba Jangwani na Ruvu zinaweza kuharibika pamoja, katika mwaka mmoja. Kompyuta iliyofanya kazi hiyo ilikuwa Uingereza. Kwa miaka mingi ijayo itakuwa hivyo, na hakuna aibu katika hilo, mradi wapo watu hapa wanaoweza kuyapokea matokeo hayo na kuyahoji.

Kipimamvua kwanza

Modeli huhojiwa kwa vipimo. Mtu huiendesha kwa miaka iliyokwisha kupita, halafu akalinganisha mvua yake na ile iliyopimwa kweli. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limewahi kueleza kuwa mtandao wa vituo vya Afrika ni dhaifu kuliko wa mabara mengine, ukiwa na takribani moja ya nane tu ya kiwango cha chini kinachohitajika. Vipo vituo vilivyokatika kwa miaka, vitabu vya kumbukumbu vilivyoliwa na mchwa, na vipimamvua vilivyozungukwa na minazi iliyoota baada ya kituo kuwekwa. Mtu asiyejua kwamba mwembe ulikikinga kipimamvua fulani ataihukumu modeli kwa kosa la mwembe.

Hapa pana ugumu wa kitaasisi pia. Sheria ya mwaka 2019 iliigeuza TMA kutoka wakala kuwa mamlaka kamili, na takwimu za vituo ziko mikononi mwake, kwa utaratibu na ada zake. Vipimo vya mito viko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro. Wanaofundisha wako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Hali ya Hewa Kigoma, na vijana wengine husoma Nairobi au Nanjing, China. DAWASA ina wahandisi wake. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zina maofisa ugani wao. Kila mmoja anashika kipande cha jibu, na semina nyingi humwita mmoja tu kati yao.

Kuna na kutatanisha utabiri na makadirio. TMA hutoa utabiri wa masika na wa vuli kila mwaka, na tangu mwaka 1998 wataalamu wa Pembe ya Afrika hukutana kupatanisha utabiri wa misimu. Kazi hiyo ina wenyewe, ina tarehe zake, na redio huitangaza. Makadirio ya miaka 30 ijayo hayana mtangazaji. Mwanasayansi aliyefundishwa modeli za kikanda hurudi ofisini akapangiwa zamu ya utabiri wa kila siku, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyo kwenye bajeti. Baada ya miaka miwili amri zimesahaulika, diski imejaa, na semina nyingine inatangazwa kwa ajili ya watu wapya.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ingelikuwa heri kuwafundisha watu wanane kwa miaka minne kuliko watu themanini kwa wiki mbili. Wanane hao watoke katika zile ofisi tano au sita zilizotajwa, wapewe mto mmoja, na wasiondoke hadi waandike ni modeli zipi zinaifahamu masika ya Ruvu na zipi haziifahamu. Jambo hilo haligharimu kompyuta kubwa. Linagharimu mishahara, na wafadhili huwa wazito wa kulipa mishahara, kwa sababu mshahara haupigwi picha ya pamoja. Kwa upande wa Serikali yetu, gharama ya watu hao kwa miaka minne ingekuwa sehemu ndogo sana ya thamani ya mkataba wa Kidunda, na bado swali la Ruvu kupungua kwa asilimia 10 halijaondoka mezani.

Kazi ya kwanza ya kundi hilo tayari ipo. Kisarawe, mahali panapoanzia Msimbazi, ndipo mvua inapopaswa kupimwa kwa saa, siyo kwa siku, kwa maana mafuriko ya Jangwani huja kwa saa. Mlandizi ndipo mtiririko wa mto unapopaswa kulinganishwa na kila modeli iliyowahi kuitabiria Pwani. Kwa desturi ya vituo vyetu, kipimamvua cha kawaida husomwa saa tatu asubuhi, mara moja kwa siku. Mvua iliyonyesha Pugu saa nane usiku na ile iliyonyesha alfajiri huandikwa katika mstari mmoja wa daftari, zikiwa zimejumlishwa.